Tupeane uzoefu: Udzungwa na Kitulo bila kubanana na umati

Mnyalukolo wa Kihesa
Kamwene wadau. Pasaka inakaribia na ofisini kwetu hapa Iringa wameshaanza kuchangishana nauli ya Kosta kwenda Maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa. Napenda mlima, ila sipendi kupanga foleni ya kupiga picha huku mtu kaning'iniza spika begani. Sikukuu pale kwenye bwawa la maporomoko ni hivyo hivyo kila mwaka, na mbega wenyewe huwaoni. Kwa aliyewahi kuzifaidi hifadhi za taifa za Udzungwa au Kitulo kwa utulivu: ulikwenda lini, saa ngapi, ukapita njia ipi? Viingilio tuviache, vinabadilika.

Mtoto wa Kidatu
Mkuu, kwa Sanje saa ni muhimu kuliko siku. Makundi yanayotoka mbali yanalifikia lango la Mang'ula jua limeshapanda. Wewe lala Mang'ula, gesti zipo, asubuhi uwe wa kwanza kujiandikisha. Kumbuka njia ya Sanje haianzii hapo Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Unarudi kama kilomita 10 kuelekea Kidatu hadi kituo cha askari wa hifadhi cha Sanje, na hapo ndipo wengi hupoteza muda wakisubiriana. Ukiwahi, unafika juu mapema na maji yale yanayoshuka mita 170 unakuwa nayo mwenyewe. Wengine wakipanda, wewe unashuka. Asubuhi ndiyo mbega wekundu wanakula karibu na njia, na ukibahatika utawasikia ngolaga, wale nyani wa Sanje ambao wanasayansi walikuja kuwajua mwaka 1979 tu wakati wazee wetu wanawafahamu miaka yote. Hawapatikani popote nje ya milima hii.

Jumamosi usijaribu. Mabasi ya shule.

Mama Wawili Iringa
Mimi huwa nashangaa watu wa Iringa tunavyozunguka hadi Mikumi halafu tushuke Kidatu, kumbe hifadhi inaanzia upande wetu. Lipo lango la Msosa, unachepuka kutoka Mtandika kwenye barabara kuu ya Morogoro. Maporomoko kama ya Sanje usiyategemee. Upande huu ni mkavu, unaanza na mibuyu na joto la bonde la Ruaha, ukipanda ndiyo unaukuta msitu. Tulikwenda na mume wangu katikati ya wiki, hatukukutana na mgeni mwingine njia nzima. Mwenye miguu ya kweli aulizie Luhombero, kilele kirefu kuliko vyote ndani ya hifadhi, mita 2,579. Huko ni kulala porini na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya tembo na nyati. Watu wa spika hawafiki.

Nkinga Halisi
Kwa Kitulo, tatizo ni kwamba kila mtu anataka maua, na maua ni Desemba hadi Aprili. Wikiendi za Februari utakuta magari yamejipanga. Lakini wachunguzeni vizuri: wanapiga picha hatua chache kutoka mlangoni mwa gari, wanakula chipsi, wanageuza. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 400! Tembea nusu saa tu na mwongozaji na umati umekwisha.

Mimi binafsi napendelea Juni na Julai. Maua hakuna, nakubali, na asubuhi majani yana barafu, lakini anga ni safi na njia hazitelezi. Aliyezoea joto la Dar atalia.

Kaka wa Uyole
Dada Nkinga umesema vyema, ila mnasahau mfuko. Kundi linachangia gari. Ukienda Jumanne peke yako, kukodi gari la kupanda zile kona 57 za Chimala hadi Matamba ni pesa ndefu. Ninachofanya: napanda basi la Makete linalopitia Isyonje, nashuka kwenye uwanda wa Kitulo, nakuwa nimeshawasiliana na watu wa hifadhi. Gharama ndogo, na kurudi unapanga mapema, maana magari si mengi na huko kunaingia baridi haraka. Masika barabara ni tope, basi linaweza kukwama. Ndiyo bei ya utulivu, mwana.

Mnyalukolo wa Kihesa
Ndaga fijo kaka, hilo la basi sikulijua. Ofisini nimewaaga, wao Sanje Jumatatu ya Pasaka, mimi Msosa Jumatano inayofuata. Mama Wawili, kutoka Mtandika tunatafuta bodaboda?

Mama Wawili Iringa
Sisi tulikuwa na gari. Kwa mvua hizi piga simu hifadhini kwanza, uulize barabara ikoje na upangiwe askari wa kukuongoza. Malipo wanakupa namba, unalipa kwa simu, noti hawapokei. Na maji beba mengi, baba, mibuyu haina kivuli.