Naombeni ushauri: begi la magurudumu la kuingia nalo ndani ya ndege, lisilokufa mapema

Mkaguzi_Kla
Wadau, habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Kazi yangu ni kukagua miradi, makao Kampala, na haupiti mwezi sijapanda ndege. Nairobi, Juba, Bujumbura, na mara mojamoja Addis Ababa au Doha nikiunganisha kwenda mbali. Safari nyingi ni za siku mbili tatu, kwa hiyo sipendi kukabidhi mzigo kaunta. Nataka nikishuka nitoke moja kwa moja niende kikaoni.

Shida ni kwamba mabegi hayadumu. Hili la mwisho lilikuwa gumu, la plastiki inayong'aa, matairi manne. Tairi moja lilichomoka pamoja na kipande cha plastiki kilicholishika, kona ikapasuka kama ganda la yai, na mpini wa kuvutia ukagoma kushuka. La kabla yake lilikufa zipu.

Mjue na mazingira pia. Nakaa Kisaasi, na kutoka nyumbani hadi kufika lami ni murram yenye mashimo, mvua ikinyesha ni tope jekundu. Siku nyingine boda ndiyo inanifikisha stegi. Begi linateseka hata kabla halijaiona Entebbe.

Nauliza: gumu au laini? Matairi mawili au manne? Na haya ya bei kubwa yanadumu kweli, au tunalipia jina? Niko tayari kulipa vizuri mara moja nikae nalo miaka.

Mama_Bombo
Laini, matairi mawili, rangi nyeusi. Langu nimelinunua watoto wakiwa shule ya msingi, sasa wako chuo na bado nalivuta. Usisumbuke na mengine, mwanangu.

KijanaWaAproni
Kaka, mimi kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo uwanjani, nasema ninachokiona kila siku. Watu wanaamini begi la kuingia nalo ndani halitupwi. Linatupwa. Safari zako za karibu nyingi ni za ndege ndogo. Zile CRJ900 ambazo Uganda Airlines ilianza nazo mwaka 2019 zina makabati ya juu yaliyobana, begi la kawaida la magurudumu linagoma kuingia au linaingia mlango usifunge. Dash 8 na ATR ni hivyohivyo. Basi ukifika kwenye ngazi linafungwa lebo, linashushwa tumboni pamoja na masanduku ya kilo 23, juu yake linawekwa lingine na lingine. Kama mvua inanyesha, linalowa kwenye kitoroli likisubiri zamu yake.

Kwa hiyo chagua begi ukijua kwamba litalala tumboni mwa ndege mara nyingi kuliko unavyopanga.

Ninachokiona kikivunjika zaidi ni matairi, hasa hayo manne yanayozunguka pande zote. Yametokeza nje, begi likishushwa ndiyo yanayogonga sakafu kwanza. Matairi mawili yaliyochimbiwa ndani ya kona hayana pa kunaswa. Cha pili ni mpini ambao mwenyewe hakuusukuma mpaka mwisho. Usukume mpaka usikie umebana, kila mara, kabla hujalitoa mkononi.

Halafu kuna la usalama. Pawa benki na betri za akiba haziruhusiwi kushuka tumboni. Ziweke kwenye kimfuko kimoja pamoja na dawa, pasipoti na chaja, kikae mfuko wa mbele, ili begi likichukuliwa kwenye ngazi unachomoa kimfuko na laptop unapanda. Yale mabegi yenye betri ya kuchajia simu humohumo ndani, kama betri haichomoki, achana nayo kabisa. Mashirika mengi yanayakataa tangu Januari 2018.

Hesabu_za_Kilo
Mwenzangu wa uwanjani kasema kweli, ila naomba nipingane na hili wazo la kutafuta imara kuliko yote. Angalieni mzani. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian, daraja la kawaida, wanakupa kilo 7 za kuingia nazo. Turkish wanakupa 8. Kenya Airways ni 12, na KLM ni 12 lakini humo wamehesabu na begi lako dogo. Sasa begi la nailoni nzito, lenye fremu na mpini wa alumini, likiwa tupu linaweza kufika kilo 3 na nusu. Kwenye kilo 7 umebaki na 3 na nusu. Laptop na chaja zimekula 2 hivi. Nguo, viatu na makabrasha ya kikao unavipa kilo moja na nusu.

Mimi mpaka wangu ni kilo 2 na nusu likiwa tupu, nikivuka hapo basi navuka kidogo tu. Kwa uzito huo hata gumu linafaa, mradi uangalie plastiki yenyewe. Ya bei rahisi ni ABS, na nahisi hilo lako lililopasuka kona lilikuwa la hiyo. ABS ni ngumu lakini ikigongwa inavunjika. Polikaboneti inabonyea halafu inarudi. Polipropilini nayo inarudi, na ni nyepesi. Dukani weka kiganja katikati ya kifuniko ukandamize kwa uzito wako. Kikibonyea na kurudi bila kubakiza mstari mweupe, endelea kuongea bei. Kikitoa sauti ya kuvunjika, rudisha.

Na vipimo. Qatar ni sentimita 50 kwa 37 kwa 25. Ethiopian ni 55 kwa 40 kwa 23. KLM ni 55 kwa 35 kwa 25. Ukitaka moja lipite kote huko, chukua namba ndogo ya kila upande: 50 kwa 35 kwa 23. Ni dogo, najua, lakini kwa siku tatu linatosha. Na hapo wanapima pamoja na matairi na mpini, wakati kadi ya dukani mara nyingi inataja boksi peke yake. Nenda na futi ya fundi cherehani mfukoni, upime mwenyewe.

Mkaguzi_Kla
@Hesabu_za_Kilo hili la uzito wa begi tupu sikuwahi kulisikia likielezwa hivi. Asante. Sasa nabaki na swali: kama lazima liwe jepesi na wakati huohuo lihimili tumbo la ndege, nikubali kupoteza nini?

Fundi_Katwe
Salaam ssebo. Nakarabati mabegi hapa Katwe, acha nikujibu kwa upande wa fundi. Poteza mapambo. Mifuko mingi ya nje, zipu ya kutanua begi, chuma cha kung'aa, kufuli zilizojengwa ndani, vyote hivyo ni uzito na ni sehemu za kuharibikia. Usipoteze matairi, mpini na zipu kubwa. Hivyo ndivyo vinavyoletwa kwangu, kitambaa chenyewe huwa hakina neno.

Tairi liangalie hivi. Fungua zipu ya kitambaa cha ndani, ile iliyo chini kabisa, upeleke vidole mpaka kwenye kona. Ukigusa vichwa vya skrubu, vizuri, hilo tairi linabadilishika. Ukikuta riveti, kazi inawezekana lakini ni kutoboa na kutafuta mbadala. Ukikuta plastiki imeyeyushiwa humohumo, siku tairi likifa begi nalo limekufa. Kama hakuna zipu ya kufikia huko ndani, muuzaji anakuuzia kitu cha kutupa.

Kisha lishike tairi kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia. Likicheza cheza likiwa jipya, murram ya Kisaasi italimaliza. Yaliyo mazuri yana beringi ndani. Mengi makubwa ya matairi mawili yamefuata muundo wa viatu vya magurudumu vya kuteleza, na viatu hivyo vinatumia beringi namba 608, ambayo ipo pia kwenye mota ndogondogo. Ukipata begi linalopokea hiyo, spea hazitakusumbua maisha. Baada ya safari ya tope, toa udongo kwa mswaki mkavu, uangalie ekseli. Utakuta uzi na nywele zimejiviringisha pale, zikate kwa wembe. Usimwagie maji ya bomba, beringi inaingia kutu.

Zipu geuza kichwa chake uone nyuma. Namba 8 au 10 ndiyo ya mlango mkubwa. Namba 5 ni ya mfuko wa kuwekea kalamu, ukiikuta kwenye mlango mkubwa ondoka. Mwezi kwa mwezi pitishia mshumaa mkavu kwenye meno.

Kitambaa, soma lebo. Tafuta neno nailoni. Polista ya denia 600 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) ndiyo imejaa madukani kwa sababu ni rahisi, na kona zake ndizo nazozitia viraka.

Zulfa_wa_Mivumba
Kaka, kabla hujaenda kwenye maduka makubwa pita soko la Owino. Mabegi yaliyotumika Ulaya yanashuka pale, mengine ya majina makubwa, na nailoni yake hupati mpya kwa bei hiyo. Ila sikiliza mahali pa kuangalia. Matairi mengi yamevalishwa mpira wa poliyurethani, na mpira huo unazeeka hata begi likikaa kabatini bila kutumika, unyevu ndio unaoula. Ukandamize kwa ukucha. Ukucha ukizama au kikitoka kijichembe cha unga, mpira huo utamenyeka mwezi wa kwanza. Ndani nako, pitisha mkono kwenye kitambaa. Kikinata, ule utando wa kuzuia maji umeshaoza na hautibiki. Likipita hapo kote, peleka kwa fundi akuwekee matairi mapya, bado utakuwa umelipa kidogo.

Mwalimu_Mgongo
Nawasikia wote mkiyasema vibaya matairi manne, na naomba mnivumilie. Nina tatizo la uti wa mgongo. Begi la matairi mawili lazima uliinamishe, na sehemu ya uzito inakuja kwenye bega na kiuno. La manne linatembea limesimama pembeni yangu, naligusa tu. Kwenye uwanja kama wa Doha ambako unatembea muda mrefu kati ya geti na geti, hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kufika ukiwa mgonjwa. Kwa murram nalibeba kwa mkono wa juu au namwomba dereva. Kwa hiyo kaka, kabla hujafuata wengi, jiulize mwili wako unasemaje.

KijanaWaAproni
@Mwalimu_Mgongo pole sana, na hilo ni sababu ya kweli. Kwako ningesema tafuta ya manne yenye tairi pacha kila kona, na yawe ya skrubu kama fundi alivyosema. Kwa asiye na tatizo hilo bado nasimama na mawili. Aliyetengeneza begi hili la kuvuta kwa mpini mrefu, mwaka 1987, alikuwa rubani wa Northwest, Robert Plath, na aliweka matairi mawili. Marubani na wahudumu wengi ninaowaona wakipita bado wanavuta mawili.

Sheria_na_Mizigo
Kuhusu jina na bei. Unacholipia hasa ni dhamana, kwa hiyo isome. Samsonite na wengi wengine wanafidia kasoro za kiwandani. Kilichovunjwa na wapakiaji ni jambo jingine. Briggs & Riley dhamana yao ni ya maisha na inagusa hata uharibifu wa shirika la ndege, ila begi lazima lifike kwa mafundi wao. Uliza wakala wa karibu yuko nchi gani, na nauli ya begi analipa nani. Kama jibu ni mbali, fundi wa Katwe ana thamani kuliko cheti.

Na begi likichukuliwa kwenye ngazi likarudi limevunjika, usitoke uwanjani. Nenda dawati la mizigo, waandike ripoti, piga picha pamoja na lebo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakupa siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Zikipita, umejifungia mlango.

Mkaguzi_Kla
Mwebale nnyo, nimefaidika kuliko nilivyotarajia. Mgongo wangu uko salama, kwa hiyo nakwenda na laini, nailoni, matairi mawili ya skrubu, zipu namba 8, lisizidi kilo 2 na nusu tupu, na nitalipima mwenyewe. Jumamosi naanzia Owino kwa dada Zulfa, nikikosa napanda madukani. @Fundi_Katwe nikilipata naweza kukuletea ulikague kabla halijasafiri?

Fundi_Katwe
Lete. Ukija usilete tupu. Lipakie vitu vyako vya kawaida vya safari, kilo 7 kamili, tulivute pamoja hapa nje kwenye changarawe, mpini ukiwa umetolewa wote. Tupu yote huwa yanatembea vizuri.