Nilikuwa skauti, sasa ni mtu mzima mwenye kazi: nirudi kwa mlango upi?

Muda_Mchache
Wakuu, habari zenu. Niliacha uskauti nilipomaliza shule na sasa nataka kurudi. Naweza kutoa saa nne kwa mwezi, na wiki moja ya likizo kwa mwaka. Je, zinatosha kuwa kiongozi, au nijiunge na umoja wa maskauti wa zamani? Na Wood Badge, ile kozi ya viongozi wa skauti, inahitajika tangu siku ya kwanza?

KambaNaKigingi
Karibu tena, ndugu. Saa nne hazitoshi kuongoza kikosi kinachokutana kila wiki. Mkutano peke yake ni kama saa mbili, bado maandalizi, kambi na wazazi. Kiongozi asiye na muda huja mara moja, hukosa mara tatu, na vijana huacha kumngoja.

Omba kazi yenye mwanzo na mwisho. Unaweza kuwa mpimaji wa beji moja unayoimudu, kama huduma ya kwanza: siku moja unaonyesha, nyingine unapima. Au chukua stoo, kazi ambayo wengi wanaikwepa. Mahema yakirudi kutoka kambini na unyevu yakakunjwa hivyo hivyo, ukungu unaingia kwenye kitambaa na madoa yake hayatoki. Yatandaze siku hiyo hiyo au kesho yake, yakauke hadi kwenye mishono na pindo za chini. Hesabu vigingi, kisha andika ni hema lipi lina nguzo iliyopinda au zipu iliyokwama, lirekebishwe kabla ya safari inayofuata. Kazi hiyo inaenea vizuri ndani ya saa zako nne.

Wood Badge si ya siku ya kwanza. Kozi yake ya kwanza ilifanyika Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na ni mafunzo ya viongozi walio kazini. Zile shanga mbili za mbao hutolewa ukishamaliza mafunzo na kuyaonyesha kwa vitendo. Kinachotangulia ni usajili, kuchunguzwa rekodi zako na mafunzo ya ulinzi wa watoto. Hata kama unakuja kuhesabu vigingi.

Skafu_Mbili
Naongezea kwenye ulinzi, maana wanaorudi wengi hukwama hapo wakihisi wanashukiwa. Taratibu hizi ni za kila mtu. Usikae na kijana mmoja peke yenu mahali pasipoonekana. Watu wazima wawe wawili au zaidi, na wasilale hema moja na vijana. Ujumbe wa simu upitie kundi lenye kiongozi mwingine au mzazi. Lakini kijana akikueleza kwamba ameumizwa, hilo si la kundini: msikilize, usimwahidi kuficha, andika maneno yake kama alivyoyasema na umfikishie mhusika wa ulinzi siku hiyo hiyo.

Kosa jingine la sisi wakubwa ni kumpokonya kazi kiongozi wa patroli. Patroli ni vijana sita hadi wanane chini ya mwenzao. Nguzo walizofunga zikicheza, mara nyingi hawakukaza ile mizunguko ya mwisho inayopita katikati ya nguzo mbili kuibana ile ya kwanza. Usiwafungulie. Mwambie kiongozi wao aitikise, aone mwenyewe inapolegea. Kama inaweza kumwangukia mtu, hapo ingilia mara moja.

MasafaMafupi
Kuhusu likizo: Jambori ya Dunia, ule mkusanyiko mkubwa wa maskauti wa nchi nyingi, huomba watu wazima wa timu ya huduma, kwa mfano jikoni, usafi au huduma ya afya. Hufanyika kwa kawaida kila miaka minne, unajilipia, na wiki moja haitoshi. Kinachokufaa zaidi ni jambori ya redio na intaneti ya kila Oktoba, ambapo maskauti huzungumza na wenzao wa mbali bila kusafiri. Ya redio ilianza 1958. Tafuta mapema mwenye leseni ya redio. Vijana wengi hunyamaza mbele ya kipaza sauti, kwa hiyo waandalie kadi yenye jina la kikosi chao na maswali matatu. Upande wa intaneti, mtu mzima awepo karibu na skrini muda wote.

Umoja wa maskauti wa zamani upo pia: ule wa kimataifa, ISGF, upo tangu 1953. Kujiunga hakukuzuii kusaidia kikosini.

Muda_Mchache
Asanteni sana. Nachukua stoo. Nikisafiri kikazi mwezi mzima je?

KambaNaKigingi
Funguo ziwe mbili, moja kwa kiongozi wa kikosi. Weka daftari ndani ya stoo: kilichotoka, nani kachukua, kimerudi na hali gani. Na kila kambi mfundishe kijana mmoja kukagua hema pamoja nawe, mzazi wake au kiongozi mwingine akiwepo, ili ukiwa safarini mahema yasikae mfukoni yakikungoja.