Kunguni waenezao ugonjwa wa Chagas: nitatofautishaje jenasi (makundi ya spishi za karibu)?

Swali: Wakuu, sampuli ni za Kolombia, zimehifadhiwa kwenye formalini. Nianzie wapi, na DNA itatoka?

Jibu 1: Anza na kichwa, chini ya darubini. Vipapasio vikiota karibu na ncha, ni Rhodnius. Vikiwa katikati ya ncha na macho, Triatoma. Vikisogelea macho na kichwa ni kifupi kinene, Panstrongylus. Kagua pia mrija wa mdomo: ukiwa umepinda kama ndoana, huyo ni mla wadudu wenzake, mtoe kundini.

Jibu 2: Formalini hukatakata DNA na kuigandisha na protini, ndiyo maana PCR (njia ya kunakili DNA maabara) hugoma. Wapya watie kwenye ethanoli 95%. Mguu mmoja unatosha kutambua spishi; Trypanosoma cruzi (kimelea cha Chagas) mtafute kwenye utumbo wa nyuma, kwani hutoka na kinyesi. Glavu lazima!

Jibu 3: Rangi isikudanganye; spishi zimepita 150. Rhodnius prolixus na R. robustus wanafanana kama pacha, hapo soma jeni ya saitokromu b. Na tunutu (wachanga wasiopevuka, wana hatua tano) usiwapime kwa ufunguo wa utambuzi wa wapevu, utakosea tu.