Kuvuka Tongariro Jumamosi ijayo: someni kabla ya kuthibitisha

Ndugu zangu, salaam.

Wengi mmeuliza kama safari ya kuvuka Tongariro, ule mlima wa volkano wa hapa New Zealand, bado ipo. Ipo, ila neno la mwisho nitalitoa Ijumaa jioni nikishaona utabiri wa upepo wa kule mlimani, siyo wa mjini. Mwaka jana tuliondoka Mangatepopo, mwanzo wa njia, anga jeupe kabisa. Tulipomaliza uwanda wa South Crater na kuanza kupanda ukingo, upepo ulikuwa unamsogeza mtu mzima hatua mbili pembeni, dada yetu mmoja ikabidi achuchumae na kukumbatia jiwe. Tukarudi. Najua kuna waliokuwa wameomba ruhusa kazini na roho ziliwauma. Hata hivyo, upepo ukiwa ule ule, tutarudi tena.

Habari ya magari. Njia ni karibu kilomita 20, mnaanzia Mangatepopo na kutokea upande wa Ketetahi, kwa hiyo gari uliloliacha mwanzoni halitakuwepo mwisho. Isitoshe, msimu wa joto Mangatepopo huruhusiwi kuegesha zaidi ya saa 4, na mwendo wetu ni wa saa 7 au 8. Tutaegesha upande wa kumalizia, basi litupeleke mwanzo alfajiri. Hapo hakuna atakayekimbizana na basi la mwisho huku magoti yanamuuma.

Maji ya kunywa njiani hakuna. Beba lita 2 au zaidi, koti la mvua, sweta, kofia na glavu, hata kama huku chini mnatokwa jasho.

---

> Kaka, raba za mazoezi hazitoshi? Sitaki kununua buti kwa siku moja.

Dada yangu, azima buti kwa mtu. Watu wote wanaogopa kupanda, mimi naogopa kushuka. Kutoka kilele cha Red Crater, zaidi ya mita 1,800, hadi kwenye maziwa ya kijani, unakanyaga changarawe ya volkano iliyolegea, mguu unazama hadi kifundo. Niliyekuwa nyuma yake safari ya kwanza alivaa raba zilizolika soli. Aliteleza, akajizuia kwa kiganja, na vile vijiwe vina makali kama chupa iliyovunjika. Tulimsafisha na kumfunga pale pale, lakini mbele bado kulikuwa na saa tatu na zaidi za kutembea.

Ukishuka, tanguliza kisigino, kunja magoti kidogo, acha mguu uzame wenyewe. Anayejivuta nyuma kwa woga ndiye anayeanguka. Na tuachiane nafasi, maana jiwe la wa juu humfikia wa chini.

Pale juu pia utasikia harufu ya mayai viza. Ni gesi ya salfa. Gusa udongo karibu na mvuke, utakuta una joto.

---

> Vijana wanauliza kama wataogelea kwenye yale maziwa.

Hapana, wala kuchovya vidole. Kwa Ngāti Tūwharetoa, wenyeji wa milima hii, maji yale ni matakatifu. Chifu wao, Te Heuheu Tūkino IV, ndiye aliyevitoa vilele hivi mwaka 1887 vilindwe, na ndipo ikazaliwa hifadhi ya kwanza ya taifa New Zealand. Wametuomba pia tusipande kilele cha Ngauruhoe, kile kilichochongoka kando ya njia. Tumekaribishwa katika nchi hii, tuwasikilize wenye mlima.

---

> Mlima ukilipuka tukiwa juu?

Swali la haki. Tarehe 6 Agosti 2012, usiku, tundu la Te Maari lililipuka na mawe yakatoboa paa la kibanda cha Ketetahi. Tangu hapo kuna sehemu ya njia yenye mabango ya kukataza kusimama. Tukifika hapo hakuna kupumzika wala kupiga picha. GeoNet, wale wanaofuatilia volkano na matetemeko nchini, hutangaza ngazi ya tahadhari ya volkano kuanzia 0 hadi 5. Nitaiangalia Ijumaa pamoja na upepo.

Wenye watoto chini ya miaka 10, nipigieni kwanza tuzungumze. Atakayetembea polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia mbele, na mimi nitakuwa wa mwisho kabisa. Majina yanifikie kabla ya Jumatano usiku, nihesabu viti vya basi.