Klachi ya haidroliki ikilegea njiani, Malindi hadi Mokowe: tupeane uzoefu

Nahodha wa Lami
Assalaam alaykum jamaa. Pikipiki kubwa zimekuwa nyingi njia ya Lamu, na kubwa nyingi klachi yake ni ya mafuta ya breki, si ya waya. Sasa tuseme mtu amevuka daraja la Sabaki, akifika Gongoni mkono wa klachi unabonyea kama sponji, gia haziingii vizuri, nyutro haipatikani. Afanye nini hapo hapo? Tafadhali tuandike kwa vipimo. “Mpelekee fundi” haimsaidii mtu aliye kati ya Garsen na Witu.

Spana Nane
Wa alaykum salaam. Kwanza ujue ugonjwa, ndipo utibu.

Ukiupampu mkono haraka mara tano sita ukakaza, mna hewa. Ukiubana na kuushikilia, ukawa unazama polepole bila tone kuonekana nje, raba ya pistoni ya silinda ya juu (ile ya kwenye usukani, inayosukuma mafuta) inapitisha. Mafuta yakipungua kwenye kikopo chake cha usukani, funua kifuniko cha sproketi ndogo (gia ya mbele ya cheni). Pikipiki nyingi silinda ya chini (inayofungua klachi) iko hapo, inakula tope la cheni. Tope likiwa limelowa majimaji, raba imekwisha. Kutoa hewa hakuponyi raba, kutakufikisha Mokowe tu, na hilo pia si dogo.

Kama ni hewa: simamisha pikipiki wima, funika tangi la petroli kwa kitambaa kilicholowa maji, maana mafuta ya breki yanababua rangi. Panguza kifuniko cha kikopo kabla hujakifungua, mchanga usidondokee ndani. Zile skrubu mbili za kifuniko ni laini mno. Chagua bisibisi inayojaa kwenye kichwa, igonge mara moja kwa mpini wa spana, kisha zungusha huku unakandamiza. Kichwa kikiliwa, kazi imelala.

Skrubu ya kutolea hewa iko kwenye silinda ya chini. Pikipiki nyingi za Kijapani ni spana namba 8, nyingine 10 au 11. Valisha spana ya duara kwanza, mpira baadaye. Mpira uwe unaoonyesha ndani, tundu milimita 4 au 5, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Pampu taratibu mara tatu nne, bana mkono ushikilie, legeza skrubu robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, NDIPO uachie mkono. Rudia mpaka viputo viishe. Kikopo kisishuke chini ya alama hata mara moja, vinginevyo umeanza upya. Chupa ya ml 250 inatosha na kubaki.

Bint Mambrui
Hapo pa “funga ndipo uachie” ndipo wengi wanapopotea. Wanaachia skrubu ikiwa wazi, halafu wanashangaa hewa haiishi.

Kijana wa Gede
Haya yote ya nini? Pikipiki ya Boxer ina waya. Unabeba waya wa akiba, ukikatika unavalisha mwingine, safari inaendelea.

Spana Nane
Kaka, aliyekwama Garsen na Yamaha kubwa, Super Ténéré, utamwambia anunue Boxer? Waya una sifa zake, sikatai. Mada ni mafuta.

Jeti ya Mokowe
Njia ya Spana Nane ni sahihi ila ngumu kwa mtu aliye peke yake. Hewa hupanda juu, sasa kwa nini kuilazimisha ishuke? Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la ml 60 na mpira wa dripu. Fyonza kwanza mafuta ya kikopo, acha kidogo tu chini. Jaza bomba mafuta mapya, ligeuze mdomo juu utoe hewa yake yote na ya kwenye mpira pia, chomeka kwenye skrubu ya chini, legeza, sukuma polepole ml 20 au 30. Utaona viputo vinaibuka kwenye kikopo. Funga kabla bomba halijaisha. Bomba hilo ukimaliza tupa, raba yake haidumu kwenye mafuta ya breki.

Spana Nane
Na uchafu wote uliotuama chini unausukuma juu, ukaenda kuziba kile kitundu cha kurudishia mafuta chini ya kikopo. Kitundu chenyewe hakifiki milimita moja. Sikubaliani.

Jeti ya Mokowe
Mafuta yakiwa meusi, yatoe kwanza kwa njia yako, kisha malizia kwa yangu. Yakiwa bado na rangi ya asali, sukuma moja kwa moja. Hakuna ugomvi hapo.

Mzee wa Kibarazani
Vijana, mmesahau hewa ya juu. Mpira wa mafuta unaingia silinda ya juu kwa ile bolti yenye tundu, upande wa ndani wa usukani, na hapo mara nyingi pameinuka kuliko kikopo. Hewa inakaa hapo, mpampu mpaka Maghrib haitoki. Egemeza pikipiki upande wa kulia, au zungusha usukani, mpaka kikopo kiwe ndipo juu kabisa. Kisha gusagusa mkono kidogo tu, sentimita moja, na viputo vidogo vitapanda. Visipopanda, zungushia bolti kitambaa, bana mkono, legeza bolti kidogo sana, kaza, achia.

Dereva wa Usiku
Mnazungumzia klachi iliyolegea. Na iliyokufa kabisa je? Jua linazama, umepita Minjila, mkono umelala kwenye mshikio kama haujafungwa na kitu, mbele kuna ng’ombe wanavuka, huna mafuta, huna spana. Hapo usisimame ovyo, kila kusimama ni kuanza upya.

Kupanda gia: sukuma kanyagio kwa kidole cha mguu kidogo kabla, punguza petroli kwa ghafla, gia itaingia yenyewe. Kushuka: funga petroli, kandamiza kanyagio, pandisha mzunguko wa injini kidogo, iingie. Ukiona matuta au kizuizi cha polisi mbele, tafuta nyutro pikipiki ingali inatembea, maana ikisimama ndani ya gia inazima au inaruka. Kuondoka tena: washa ikiwa nyutro, isukume kwa miguu mpaka itembee, kisha piga gia ya kwanza. Itashtuka, shika usukani sawasawa. Kwenye mchanga usijaribu, utaanguka.

Bint Mambrui
Subhanallah. Na ukiwa na mzigo na abiria nyuma?

Dereva wa Usiku
Abiria ashuke, apande baada ya wewe kusimama kwenye mteremko. Mteremko ukikosekana, asukume.

Kijana wa Gede
Hii ndiyo inafaa kufundishwa stendi. Gia ya pili haiwi bora kuondokea?

Dereva wa Usiku
Ukisukumwa na watu wawili, pili ni laini zaidi. Peke yako, kwanza.

Gongoni Chumvini
Turudi kwenye mafuta. Kikopo kikikauka na duka halipo, tia oili ya injini kidogo, utafika.

Spana Nane
HAPANA. Kaka, futa wazo hilo. Mfumo wa DOT (mafuta ya kawaida ya breki) una raba ambazo oili ya injini inazivimbisha. Utafika, na kesho utabadilisha raba zote juu na chini. Bora maji safi ya chupa: hayabonyei, hayali raba. Lakini yanachemka kwa digrii 100 na silinda ya chini imeshikana na injini, kwa hiyo nenda pole, na ukifika yatoe yote siku hiyo hiyo kabla kutu haijaanza.

Mzee wa Kibarazani
Na msome maandishi ya kifuniko! DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, usiiguse. Zipo pia klachi zinazotumia mafuta ya madini, kama BMW R1200GS za kabla ya 2013 na KTM za zamani zenye vifaa vya kampuni ya Magura. Hizo ukitia DOT 4 umeziua raba zake. Kwa hizo tu, mafuta mepesi ya shoki yanafaa kwa dharura, na yakikosekana, yale mafuta ya mtoto ya majimaji ambayo ni ya madini matupu.

Jeti ya Mokowe
Hewa yetu ya pwani nayo inachangia. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya digrii 230, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155. Klachi inayolegea jua kali na kukaza usiku, shuku maji ndani. Badilisha kila mwaka, si kila miaka miwili, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu usiitumie.

Gongoni Chumvini
Nimefahamu ya oili. Na kufunga mkono kwa mpira usiku kucha, ni kweli kunatoa hewa?

Mzee wa Kibarazani
Kweli kwa viputo vidogo. Funga mkono ukiwa umebanwa, asubuhi uachie taratibu, vitapanda. Lakini mkono usiokaza kabisa hautengenezwi na mpira.

Spana Nane
Mwisho wa kazi, usijaze kikopo hadi mdomoni. Mafuta yakipata joto yanapanuka, yakikosa nafasi yanaisukuma klachi ikae nusu wazi: injini inanguruma, pikipiki haiendi. Skrubu ya chini ikazwe kwa kiasi, takriban Nm 6 (newton-mita), ni ndogo na inakatika. Mwagia maji popote mafuta yalipodondoka. Kisha stendi ya kati, gia ya kwanza, bana mkono: tairi la nyuma ulizuie kwa breki ya mguu. Likisimama bila injini kuzima, panda.