Naomba ushauri: greihaundi anakurupuka usingizini, mbwa mdogo anampandia

Habarini wakuu. Nina greihaundi (mbwa wembamba wa mashindano ya mbio) wawili wa kuasili, waliostaafu mbio, pamoja na mbwa mdogo wa kilo 6. Dume hulala macho wazi, na mdogo akipanda godoro lake anakurupuka na kung'ata hewa kabla hajaamka sawasawa. Huu si ukali: mbwa wa mbio mara nyingi huzoea kulala peke yake kizimbani, hajazoea kuguswa usingizini. Lakini meno ni meno.

Kwa sasa godoro lake limezungushiwa uzio wa ndani, na anaamshwa kwa kuitwa jina kwa mbali, haguswi. Wanakula vyumba tofauti. Uani greihaundi wote wanakimbia wakiwa na kifunga mdomo cha kikapu, kinachowaruhusu kuhema na kunywa maji, maana ngozi yao ni nyembamba mno. Jino likipita kidogo tu inachanika hadi kushonwa.

Daktari wa mifugo amemkagua dume, hana maumivu ya meno wala viungo. Dawa za kutuliza sitaki kuanzia huko.

Naomba kujua: uzio uondolewe kwa kuona dalili zipi? Na mdogo, ambaye baridi ikimpiga hasikii amri yoyote, afundishwe vipi kuliacha godoro lile?