Jamaa kaja na kaunta buku badala ya maua, nikubali kuolewa kwa mahesabu?

Mwalimu_wa_Baridi:
Habari zenu wakuu, naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanishambulia. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Makete, nina miaka 32, sijaolewa na sina mtoto. Kuna kaka mmoja wa Uyole huwa anapanda huku kununua viazi anapeleka Mbeya mjini na Tunduma, tumefahamiana kwa sababu shamba la shule linamuuzia. Mkewe alifariki, ana watoto wawili wanalelewa na bibi yao Tukuyu.

Sasa likizo hii nimeshuka Mbeya akaniita tukale pale Mafiati, mimi nikajua leo natongozwa, nikavaa na kigauni. Chakula hakijafika jamaa akatoa kaunta buku, lile lile analoandikiaga magunia, akafungua ukurasa wa katikati akapiga mstari, upande mmoja jina langu upande mwingine lake. Kwangu akaandika uhamisho, nyumba, kusaidia wazazi. Kwake akaandika mama wa watoto, bima, mkopo wa mshahara. Akaniambia "mwalimu sitaki kukudanganya eti silali kwa ajili yako, mi nilishapenda nikazika, saa hizi nataka mtu tunayeheshimiana tujenge". Halafu ndo wali ukaja, nikala wote kwa kuchanganyikiwa.

Huo mkopo ni wa kupaua nyumba yake ya Uyole imesimama kwenye linta, kiwanja kina jina lake. Mimi bodi ya mikopo wananikata asilimia 15 kila mwezi, mdogo wangu yuko chuo, na huku nimechoka jamani, masika njia ya Kitulo ikiharibika mjini unapasikia kwenye redio tu. Na kusema ukweli namuheshimu, hajawahi kutulazimisha lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, na analipa palepale shambani. Ila moyo haudundi. Dada yangu anasema utadunda mbele ya safari, shoga yangu anasema nimegeuzwa SACCOS. Nyie mnasemaje?

Kijana wa Kabwe:
Hahaha jamaa kakupigia hesabu ya gunia mpaka na wewe umeingia kwenye stoo 😂 Kimbia dada. Mwanaume akikuambia mapema hakupendi muamini, hiyo linta ikishapauliwa utasikia ana mtoto wa Vwawa ndo anampa maua.

Mama wa Tukuyu:
Wewe kijana wa Kabwe hujaoa, tulia. Mdogo wangu mwalimu, mimi niliolewa 1989 na mtu niliyekuwa nimemuona kanisani tu, alikuwa na kazi kiwanda cha chai na baba alitaka ng'ombe, basi. Huku kwetu ng'ombe zilihesabiwa na wazee mchana kweupe, na mapenzi hakuna aliyeniuliza. Sisemi ilikuwa vizuri, kuna wenzangu waliteseka na hawakuwa na pa kwenda. Nachosema huyo kaka hajafanya jambo geni, geni ni kwamba kakuonyesha wewe mwenyewe badala ya kwenda kumuonyesha baba yako.

Kilichonishtua mimi kwenye hilo daftari siyo mkopo. Ni watoto. Kaandika "mama wa watoto" mstari mmoja kama mfuko wa mbolea, na wewe kwenye maelezo yako yote umewagusa mara moja tu. Wana miaka mingapi? Wa kike wa kiume? Yule bibi yupo tayari kuwaachia? Maana mume unaweza kumzoea taratibu hata miaka mitano, mtoto aliyefiwa hakupi huo muda, siku ya kwanza tu anakuangalia unavyomkatia ugali. Panda gari nenda Tukuyu ukawaone kabla hujaongea habari ya mabati.

Ticha Ileje:
Mwalimu mwenzangu pole na baridi. Naongelea uhamisho tu, hayo mengine watakusaidia. Cheti cha ndoa siyo tiketi ya basi. Ni kweli sababu ya kumfuata mwenza ipo na watu wanaombea huko kwenye mfumo, lakini kuna walioolewa kabisa na harusi tulikula na bado wako mbali na waume zao, maana unakotoka kuna upungufu na mjini walimu wa masomo yako wamejaa. Halafu mwenza wako siyo mtumishi, ni mtu wa viazi, na viazi viko huko huko Makete, afisa akiamua kukuzingua atakwambia mumeo ndo akufuate 😅

Ushauri wangu tafuta kwanza mtu wa kubadilishana naye kituo, yapo magrupu ya WhatsApp ya walimu kazi yake ndo hiyo, kuna wa Mbeya wenye kwao Makete na Njombe wanatamani kurudi. Ukihama kwa njia hiyo halafu bado unamtaka huyo kaka, hapo utajua unamtaka yeye.

Na msije mkaingia kwenye ndoa ya karatasi. Mwenzangu mmoja alifunga bomani na rafiki yake ili ahame, akahama kweli, akapata mchumba wa ukweli akakuta hawezi kufunga naye kwa sababu ana ndoa hai ya mke mmoja. Kuomba talaka kabla ya miaka miwili mpaka mahakama ikupe ruhusa, na kabla ya hapo upite baraza la usuluhishi, wakae pale waeleze kwanini wanagombana watu ambao hawajawahi hata kula pamoja. Yule mchumba hakusubiri.

Karani wa Gangilonga:
Nafanya kazi ofisi ya wakili hapa Iringa, kesi za aina hii zinaingia mlangoni kila mara na mara nyingi anayelia ni mwenye mshahara.

Dada, kiwanja kakipata kabla yako kwa hiyo kwa kuanzia ni chake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mali ya mmoja ya kabla ya ndoa kuingia kwenye mgawanyo kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu zao wote wawili, kwa hiyo kupaua kwako kunaweza kuhesabika, ILA utathibitishaje? Salary slip itaonyesha unakatwa, haitaonyesha hela ilienda kwenye bati. Kama utakopa basi mabati na mbao nunua mwenyewe, risiti iandikwe jina lako, fundi mlipe kwa simu na siyo mkononi. Na usikope ukiwa mchumba, subiri ndoa iwe imefungwa na cheti unacho. Kukiwa na ndoa, nyumba mnayoishi haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako hata kama hati ni yake peke yake.

Bora zaidi ya yote mwambie hati iwe ya majina mawili. Mali ya majina mawili mahakama inaanza kwa kuamini mna haki sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Si kaleta daftari yeye? Na wewe ongeza mstari wako, uone uso wake.

Kuhusu kulea: Mahakama ya Rufani tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali. Watu wanaipenda hiyo kesi wanasahau kwamba yeye mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama iliona hela aliyopewa na mumewe kujengea aliitapanya. Kwa hiyo usikae ukategemea huruma ya hakimu.

Mkinga Sokoni:
Mimi ni mnunuzi wa viazi, namtetea mwenzangu kidogo. Biashara hii ukikosea msimu mmoja unaenda kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mke mwenye mshahara ni ukuta, hiyo siyo dhambi. Ila kwenye daftari mbona hajaandika madeni yake? Muulize hilo. Mtu mkweli wa hesabu anaandika na upande wa kutoka.

Mwalimu_wa_Baridi:
Jamani asanteni, kijana wa Kabwe nimekusamehe. @Mama wa Tukuyu shikamoo, umenigusa, ni wa kike miaka tisa na wa kiume sita, nilikuwa nawajua kwa majina tu. Nimempigia jioni nikamwambia nataka kwenda Tukuyu nikawaone, akakaa kimya kidogo akasema sawa tutaenda, sauti ilikuwa tofauti kabisa. Hati ya majina mawili nimemtajia, kasema "naomba nifikirie", hajakataa hajakubali. Madeni kasema yapo, ataniandikia. Mkopo sikopi kwa sasa, nikitoa hiyo 15 ya bodi na sheria ya kubaki na theluthi ya mshahara hata ningetaka nisingefika mbali. Mtu wa kubadilishana nimeshaanza kutafuta, kama kuna mwalimu wa hesabu au fizikia Mbeya jiji anataka Makete aje inbox.

Kijana wa Kabwe:
"Naomba nifikirie" 👀 hapo ndo kwenye linta penyewe.

Mkinga Sokoni:
Mwache afikirie, hata mimi ningefikiria. Mwalimu, hiyo shamba la shule mnavuna lini, na gunia mnatoa shingapi?